Kuhesabu kemikali za maabara ya shule: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila msimu wa kuhesabu stoo unapofika. Huulizwa na walimu wa sayansi, mafundi sanifu wa maabara, wakuu wa idara, na watu waliokabidhiwa funguo za stoo jana bila maelezo. Majibu yanaihusu maabara yoyote ya shule. Pale ambapo sheria ya nchi yako au kanuni za shule yako ni kali kuliko yaliyoandikwa hapa, zifuate hizo.

## Mambo ya msingi

1. Kuna tofauti gani kati ya kuhesabu kemikali na kuhesabu vitabu au madawati?

Dawati la mwaka jana ni lilelile mwaka huu. Kemikali hubadilika ikiwa imekaa kimya rafuni: hufyonza unyevu, huvukiza, hula kifuniko chake, hutoa gesi inayokisukuma kifuniko kutoka ndani. Kwa hiyo kila chupa inadai majibu matatu. Hii ni nini? Ipo wapi na imebaki kiasi gani? Hali yake ikoje?

Hilo la tatu ndilo linaloachwa mara nyingi, nalo ndilo linaloumiza watu. Orodha inayosema “eta, chupa 2” bila kutaja zilifunguliwa lini inamridhisha mhasibu tu. Anayeingia stoo kesho asubuhi kuchukua chupa haimsaidii kitu.

2. Tuhesabu mara ngapi?

Hesabu kamili ifanyike angalau mara moja kwa mwaka, wakati wa likizo, wanafunzi wakiwa hawapo na maabara haitumiki. Katikati ya mwaka fanyeni ukaguzi mfupi kila muhula kwa zile kemikali zinazobadilika upesi (swali la 11). Hesabuni pia kila mtunza stoo anapobadilika, na kila baada ya moto, mafuriko au wizi.

3. Nani ahesabu?

Watu wawili: mmoja anasoma chupa, mwingine anaandika. Mtu mmoja peke yake kwenye stoo ya kemikali ni hatari, maana akiteleza au akivuta mvuke mkali hakuna wa kumtoa. Angalau mmoja wao awe anazijua kemikali vizuri, na pawepo mtu mwenye mamlaka ya kusema “hii iondoke”. Bila mtu huyo mtamaliza mkiwa na orodha ndefu ya vitu ambavyo kila mtu anakubali ni vibaya na hakuna aliyeviondoa.

Wanafunzi wasitumwe kazi hii, hata wale wa darasa la juu, hata kama wamejitolea. Wahesabu bika na mirija ya majaribio ikibidi.

4. Itachukua siku ngapi?

Inategemea mlivyopanga mwaka uliopita. Msilazimishe kumaliza kwa siku moja, kwa sababu uchovu huleta chupa zilizoanguka. Chukueni kabati moja, mlimalize kabisa pamoja na kulisafisha, ndipo mhamie jingine.

## Kabla ya kuanza

5. Tuandae nini?

Fungueni madirisha au washeni feni ya kutolea hewa mapema, kabla ya kuingia kufanya kazi. Vaeni miwani ya kinga, koti la maabara, viatu vilivyofunika vidole, na glavu. Wekeni karibu ndoo ya mchanga mkavu, baikaboneti ya sodiamu ya kusawazishia asidi ikimwagika, beseni imara za plastiki, tochi, lebo mpya na kalamu isiyofutika. Hakikisheni bomba la kuoshea macho linatoa maji. Msiwashe moto wa aina yoyote.

Kisha fanyeni jambo ambalo wengi huliruka: zungukeni stoo nzima mkitazama tu, mikono nyuma. Angalieni kila rafu kwa tochi. Mkiona chupa yoyote ya aina iliyotajwa katika swali la 13, hesabu inasimama hapo. Mzunguko huu una thamani kuliko saa nzima ya kuandika, kwa kuwa ajali nyingi za stoo huanza pale mtu anaposogeza chupa ambayo hakupaswa kuigusa.

6. Orodha iwe na safu zipi?

Jina la kemikali, fomula, namba ya CAS (namba ya kimataifa ya kuitambulisha kila kemikali), mkolezo kama ni mmumunyo, ukubwa wa chupa, kiasi kilichobaki, mahali ilipo (kabati na rafu), tarehe ya kufika, tarehe ya kufunguliwa, alama za hatari, hali ya chupa, na hatua ya kuchukua. Alama za hatari ni zile za mfumo wa kimataifa wa GHS, ziko tisa, na huchapishwa kwenye lebo ndani ya umbo la almasi lenye mpaka mwekundu.

Msidharau namba ya CAS. Kemikali moja huweza kuwa na majina matatu kwenye chupa tatu, na kemikali mbili tofauti hufanana majina. Chukua salfeti ya shaba. Ile ya buluu yenye maji ndani ya fuwele zake, CuSO4·5H2O, ina namba 7758-99-8. Ile nyeupe isiyo na maji ina namba 7758-98-7. Mole moja ya ya kwanza ina uzito wa gramu 249.7, ya pili gramu 159.6. Mwalimu akipima nyeupe kwa hesabu za buluu, mmumunyo wake utakuwa umekolea zaidi ya mara moja na nusu kuliko alivyokusudia, na darasa zima litapata majibu yasiyoeleweka. Vivyo hivyo kloridi ya chuma(II) na ya chuma(III) zisiandikwe “kloridi ya chuma” na kuachwa hivyo.

7. Tutumie daftari au kompyuta?

Chochote ambacho mtu wa baada yenu ataweza kukifungua na kukisoma. Lahajedwali ni rahisi kupanga na kutafuta, lakini leja ya karatasi haihitaji umeme. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mambo mawili msiyaache. Kwanza, kila chupa iwe na mstari wake. Ukiandika “ethanoli, lita 5” huwezi kujua kama ni chupa mbili kubwa au kumi ndogo, wala ipi ilifunguliwa kwanza. Pili, nakala moja ikae nje ya stoo, ofisini au kwa mlinzi. Stoo ikishika moto, wazimamoto watauliza kilichomo ndani, na orodha iliyofungiwa humo humo haitawafaa kitu.

## Wakati wa kuhesabu

8. Je, nipime kila chupa kwenye mizani?

Hapana, na usiifungue kwa ajili ya kuhesabu. Itazame kutoka nje na ukadirie: imejaa, robo tatu, nusu, robo, karibu tupu. Kwa kemikali za kawaida hiyo inatosha kabisa kupangia bajeti.

Zipo chache zinazostahili mizani: sumu kali, kemikali zinazodhibitiwa na sheria, na za bei kubwa kama nitrati ya fedha. Hizi zipime chupa ikiwa imefungwa, uandike uzito wa jumla pamoja na chombo. Mwakani ukipima tena, tofauti ndiyo iliyotumika, na hakuna chembe iliyopeperuka wala kufyonza unyevu kwa ajili ya kuhesabiwa.

Kuhusu vimiminika, kumbuka kuwa ujazo hauelezi uzito. Asidi ya sulfuriki iliyokolea ina gramu 1.84 kwa kila mililita, kwa hiyo chupa ya lita 2.5 inabeba kilo 4.6 za asidi kabla ya kuhesabu kioo chenyewe. Ishike kwa mikono miwili, mmoja chini ya kitako, au ibebe ndani ya ndoo imara. Usiinyanyue kwa shingo.

9. Nimekuta chupa isiyo na lebo. Nifanye nini?

Usinuse, usionje, usidondoshe kitu ndani “kuona kama itatoa povu”. Ichukulie kuwa hatari kuliko zote mpaka ithibitike vingine. Bandika lebo inayosema HAIJULIKANI pamoja na tarehe, mahali ilipokutwa, na maelezo ya unachokiona kutoka nje: unga mweupe, kimiminika cha njano, tabaka mbili. Kisha itengeni ndani ya beseni.

Baada ya hapo fanyeni upelelezi wa karatasi. Ulizeni walimu waliotangulia, pitieni ankara za zamani, angalieni chupa jirani za kiwanda kilekile. Jibu likipatikana kwa ushahidi, andikeni. Lisipopatikana, chupa inakwenda kwenye kundi la kuondolewa. Kuondoa kemikali isiyojulikana ni ghali kuliko inayojulikana, kwa kuwa lazima ichunguzwe kwanza. Ndiyo sababu lebo inayofifia ibadilishwe leo, ingali inasomeka. Mvuke wa asidi hula karatasi taratibu, na rangi ya wino ikianza kuwa kahawia mmebakiwa na muda mfupi.

10. Tarehe imepita, au haipo kabisa. Nitupe?

Si lazima. Kloridi ya sodiamu iliyokaa kavu kwenye chupa iliyofungwa vizuri haijali kalenda, na salfeti ya shaba ni hivyo hivyo. Nyingine hupoteza nguvu bila kuwa na hatari mpya: salfeti ya chuma(II) hugeuka kahawia kadiri inavyooksidishwa, na mmumunyo wa wanga huota ukungu. Hizi ziondoe kwa sababu zitaharibu jaribio. Kundi la tatu, lile linalozidi kuwa hatari kadiri linavyozeeka, ndilo la kuogopa, nalo lina swali lake hapa chini.

Chupa isiyo na tarehe ichukuliwe kuwa nzee, na uandike juu yake tarehe ya hesabu ya leo. Kuanzia sasa kila chupa inayoingia iandikwe siku iliyofika, na siku iliyofunguliwa. Iliyotangulia kuingia itangulie kutoka.

11. Ni kemikali zipi zinazogeuka kuwa hatari zikikaa?

Daietili eta ndiyo ya kwanza kuitafuta. Ikikutana na hewa na mwanga hutengeneza peroksidi zinazoweza kulipuka, hasa inapokaribia kukauka. Desturi ya maabara nyingi ni kuiondoa ndani ya miezi 6 baada ya kufunguliwa, au miezi 12 hata kama haijawahi kufunguliwa. Shule nyingi hazina jaribio linaloihitaji, na mimi ningeiondoa moja kwa moja.

Potasiamu huwashangaza wengi kwa sababu wanaifananisha na sodiamu. Hata ikiwa ndani ya mafuta, ikizeeka huota gamba la njano au la rangi ya chungwa, ambalo ni superoksidi. Kisu kikilisukuma gamba hilo ndani ya metali kwa kukata, linaweza kulipuka. Potasiamu yenye gamba hilo haikatwi wala haikwanguliwi.

Kloridi ya aluminiamu isiyo na maji hunywa unyevu na kutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, gesi hiyo hujaa, na chupa ya zamani huweza kupasuka au kumrukia usoni anayeifungua. Amonia iliyokolea na peroksidi ya hidrojeni nazo hutoa gesi, zaidi stoo inapokuwa na joto, kwa hiyo chupa ya peroksidi inahitaji kifuniko chenye tundu la kupumulia. Klorofomu ikikaa kwenye mwanga na hewa huzaa fosijeni, gesi ya sumu.

12. Niangalie dalili gani kwenye chupa?

Anza na kifuniko. Fuwele nyeupe kwenye nyuzi za shingo, kutu kwenye kifuniko cha chuma, plastiki iliyopasuka vinywele au kugeuka njano, chupa ya plastiki iliyotuna: kila moja inakuambia kuna kitu kinatoka, au kinataka kutoka. Chupa ya hidroksidi ya sodiamu yenye kizibo cha kioo mara nyingi hukutwa imegandamana kabisa, maana alkali hula kioo. Usilazimishe.

Shusha macho kwenye kitako na rafu yenyewe. Duara la unyevu, rangi iliyobambuka, unga usio na mwenyewe. Kisha tazama kilichomo ndani: je, kimiminika kimegawanyika tabaka, sodiamu bado imezama kwenye mafuta, unga umegeuka jiwe? Andika unachokiona, kwa maneno ya kawaida. “Kifuniko kimepasuka, unga umeganda” ni maelezo bora kuliko “hali si nzuri”.

13. Nimekuta asidi ya pikriki iliyokauka, au eta yenye fuwele. Nifanye nini?

Usiiguse. Usiisogeze, usifungue kifuniko, usijaribu kuongeza maji. Asidi ya pikriki huuzwa ikiwa na maji mengi, kwa kawaida asilimia 30 au zaidi, kwa sababu ikikauka ni baruti. Fuwele zake zikikaa katikati ya nyuzi za kifuniko, msuguano wa kuzungusha kifuniko huweza kutosha kuilipua. Eta yenye fuwele shingoni au chini ya chupa ni hivyo hivyo.

Tokeni nje polepole, fungeni mlango, wekeni tangazo la kuzuia watu, mjulisheni mkuu wa shule, na piteni kwake kuita mamlaka inayoshughulikia vilipuzi au kemikali hatari. Vyumba vya jirani visitumike mpaka waje. Hesabu ya stoo hiyo imeahirishwa, na hakuna mtu wa kulaumiwa kwa kuahirisha.

## Kupanga upya rafu

14. Tukimaliza, tupange kwa alfabeti?

Si kwa stoo nzima. Alfabeti huweka asidi ya asetiki iliyokolea ubavuni mwa asidi ya nitriki, wakati ya kwanza hushika moto (mvuke wake huwaka kuanzia nyuzi joto 39 hivi za Selsiasi) na ya pili ni kioksidishaji kikali, yaani huchochea vingine kuungua. Chupa mbili zikivunjika pamoja, mmejipikia moto.

Panga kwa hatari kwanza: vinavyoshika moto kwenye kabati lao la chuma, asidi mahali pake, alkali mbali nazo, asidi ya nitriki peke yake kwenye beseni lake, vioksidishaji mbali na chochote kinachoungua, vinavyochukia maji mbali na bomba na sinki, sumu chini ya kufuli. Dawa ya kuondoa madoa yenye hipokloriti isikae karibu na asidi yoyote, kwa kuwa zikichanganyika hutoa gesi ya klorini. Ndani ya kila kundi, alfabeti ruksa. Vimiminika babuzi vikae chini ya usawa wa macho, wala kisiwekwe kitu sakafuni njiani.

15. Friji ya kawaida inafaa?

Kwa vimiminika vinavyoshika moto, hapana. Swichi na taa ya ndani hutoa cheche, na mvuke umefungiwa humo humo. Na friji ya maabara haiwekwi chakula, kamwe.

## Kuondoa visivyohitajika

16. Tunaamuaje kipi kiondoke?

Ulizeni kuhusu kila chupa: ni jaribio gani linaihitaji, na lilifanywa mara ya mwisho lini? Pasipo jibu, chupa hiyo inawapa hatari bila faida. Ulizeni pia kama kuna mbadala salama zaidi.

Zipo ambazo sioni sababu ya kubaki shuleni: benzini, tetrakloridi ya kaboni, misombo ya aseniki, sianidi, fosforasi nyeupe, na vitambaa vya waya vyenye asbesto. Tetrakloridi ya kaboni imo pia kwenye orodha ya Mkataba wa Montreal wa 1987 wa kulinda tabaka la ozoni. Zebaki inahusika na Mkataba wa Minamata, uliopitishwa 2013 na kuanza kutumika 2017, kwa hiyo vipimajoto vya zebaki navyo viingie kwenye hesabu na kwenye mpango wa kubadilishwa.

17. Tunaweza kumwaga kwenye sinki?

Vichache tu, na kwa kiasi kidogo: asidi na alkali zilizozimuliwa kisha kusawazishwa, chumvi zisizo na sumu, kama kanuni zenu za maji taka zinaruhusu. Metali nzito kama risasi, kromiamu na zebaki, hapana. Viyeyushi kama daietili eta, heksani na klorofomu, hapana. Msizike wala kuchoma nyuma ya maabara: kilichozikwa hufika kwenye maji ya watu. Vitunzeni kwa makundi, bila kuchanganya, kila chombo na lebo yake, mpaka wakala mwenye leseni avichukue. Karatasi ya taarifa za usalama ya kila kemikali ina sehemu 16, na ya 13 inahusu utupaji.

18. Tulipewa msaada, au ilinunuliwa kwa bei kubwa. Si vibaya kuitupa?

Naelewa uchungu huu, hasa penye bajeti ndogo. Lakini gharama ilikwisha lipwa, na kuiacha chupa rafuni hakuirudishi. Kama bado ni nzima na imefungwa, ulizeni chuo au shule nyingine iliyo na matumizi yake halisi, na isafirishwe kwa kufuata taratibu. Kuanzia sasa kataeni msaada wa kemikali msizoziomba, na nunueni za mwaka mmoja tu, hata kama pakiti kubwa ni nafuu.

## Hali zisizo za kawaida

19. Hesabu haikubaliani na leja. Nirekebishe leja?

Tofauti ndogo ni za kawaida: ethanoli huvukiza, mwalimu alichukua bila kuandika, mtu alitengeneza mmumunyo. Andika kiasi ulichokikuta, na kando yake maelezo ya tofauti. Ukikosea kuandika, kata kwa mstari mmoja unaosomeka na uweke sahihi. Usifute.

Lakini ikiwa kilichopungua ni sumu kali, metali ya sodiamu, au vioksidishaji kama nitrati ya potasiamu, klorati ya potasiamu na nitrati ya amonia, hilo si suala la leja. Rudieni hesabu siku hiyohiyo, watu wawili, na kama bado kuna pengo ripotini kwa mkuu wa shule kwa maandishi. Anaweza kuwa mwanafunzi aliyebeba kitu asichokijua.

20. Mimumunyo iliyotengenezwa maabara nayo ihesabiwe?

Ndiyo. Iwe na jina, mkolezo, tarehe na herufi za aliyeitengeneza. Isiyo na hivyo inarudi swali la 9. Mmumunyo wa Tollens, yaani nitrati ya fedha katika amonia, haupaswi kukutwa kwenye hesabu hata siku moja: hutengenezwa ukitakiwa na kuharibiwa baada ya somo, kwa kuwa ukikaa huweza kuweka mashapo yanayolipuka. Ukiukuta, fuata swali la 13.

21. Aliyekuwa akishika stoo ameondoka bila makabidhiano. Nianzie wapi?

Anza na mzunguko wa kutazama (swali la 5), kisha hesabu upya tangu mwanzo kana kwamba leja haipo. Ilinganishe na leja ya zamani baada ya kumaliza, la sivyo utajikuta unatafuta vilivyoandikwa na kupita vilivyopo. Usitie sahihi kwenye leja ya zamani. Tia kwenye orodha mpya, yenye tarehe ya leo, pamoja na jina la shahidi aliyehesabu nawe, na nakala uipeleke ofisini kabla ya kupokea funguo.